Kicheche na Komunyo Yangu ya Kwanza

Tulipokuwa wadogo kule Musonoi, Kongo, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi, asubuhi ilitufikia kwa pua kabla ya kutufikia kwa macho. Ulikuwa bado umejifunika blanketi pamoja na wadogo zako, lakini tayari ulijua kumekucha, kwa sababu moshi wa makala, yaani makaa, ulikuwa umeanza kupanda kutoka kwenye mbabula, jiko la mama uani. Baada ya huo, ulisikia harufu ya udongo mwekundu ulioloa umande. Na siku mojamoja, hasa mvua zilipoanza, ilikuja harufu nyingine, kali kama kitunguu kilichooza ndani ya mpira unaoungua, na nyumba zote za mstari wetu ziliamka kwa pamoja zikilaani. "Ile nyama imepita tena!" walisema, maana kwetu mnyama ni "nyama." Mama alifunga dirisha kwa kishindo, nasi tukacheka chini ya blanketi, tukiwa tumebana pua.

Ninyi mliokua nami mtakumbuka maisha ya cité, ule mtaa wetu wa mgodi, siku hizo. King'ora cha mgodi kilipolia, kina tata, baba zetu, walitoka na kofia zao, na kilipolia tena, walirudi na vumbi lenye rangi ya mlima. Sisi wasichana tulicheza nzango mpaka nyayo zikawaka moto, tukirusha miguu na kupiga makofi, na aliyeshindwa alikataa kuwa ameshindwa. Tuliokota mawe ya kijani na kuyafanya bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, vya wanasesere wetu, na hakuna mtu mzima aliyegeuza shingo kuyatazama. Mvua ya kwanza ikinyesha, inswa, wale kumbikumbi, walitoka ardhini kwa maelfu, nasi tukawakimbilia na sufuria. Tuliwakaanga kwa chumvi bila mafuta, maana mafuta wanayo wenyewe. Watoto wa leo ukiwawekea sahani ya inswa wanaipiga picha kwanza, kisha wanauliza kama kuna kuku.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kichuguu. Kilikuwa kirefu kupita tata akisimama, kipana kama chumba, na juu yake palikuwa pameota majani na miti midogo. Chini, upande uliotazama shamba la mihogo, palikuwa na tundu lenye ukubwa wa bakuli. Humo ndimo alimoishi yule mnyama. Kila nyumba ilimwita kwa lugha yake, na watoto tulimwita tu "ile ya kunuka." Jina la kicheche nilikuja kulisoma kitabuni baadaye sana.

Mimi ndiye niliyemjua zaidi, na sababu yake ni maji. Bomba la mstari wetu lilitoa maji alfajiri tu, na mama alinituma kupanga ndoo kabla majirani hawajaamka. Nilikuwa na miaka tisa. Asubuhi moja, mwanga ukiwa bado wa kijivu, nilimwona akirudi nyumbani kwake kupitia kwenye mihogo. Nilidhani ni paka wa mtu. Kisha nikaona mistari minne myeupe, iliyoanza kichwani na kupita juu ya mgongo mweusi mpaka kwenye mkia, na mkia wenyewe ulikuwa mweupe na mnene kama brashi ya kufagilia dari. Alikuwa na alama nyeupe usoni, kana kwamba mtu amempaka unga kwa kidole. Alisimama, akanitazama, akaendelea kuchimba.

Tangu siku hiyo nilikuwa wa kwanza bombani kila asubuhi, na mama akajisifu kwa majirani kwamba Kabulo wake amepata akili. Kumbe Kabulo wake alikuwa anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitazama mnyama akila. Alikuwa na kucha ndefu za mbele na alilima ardhi kama mama anayepanda karanga, pua ikiwa chini na masikio yakisikiliza. Alitoa funza weupe wa mbawakawa, wanene kama kidole changu, akawatafuna kwa sauti ambayo ningeweza kuisikia. Alikula panzi waliolemewa na baridi. Alikamata panya. Siku moja nilimwona na nyoka mdogo mdomoni, akimtikisa kushoto na kulia, na nikakimbia bila ndoo. Na wakati wa inswa alikula kutoka mashimo yaleyale tuliyokula sisi. Alianza yeye gizani, nasi tukafuata.

Siku zote alikuwa peke yake. Jambo hilo lilinisumbua, kwa maana nyumbani kwetu tulikuwa tisa na sikuwahi kulala peke yangu hata mara moja. Nilimwambia Odette, binti wa mama mdogo, aliyekuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Odette alisema, "Nani atakaa naye? Ananuka." Jibu lilikuwa na mantiki, nikalikubali.

Mwaka huo tulikuwa tunajiandaa kwa komunyo ya kwanza. Kwa kawaida ilikuwa wakati wa Pasaka, lakini padri wetu aliugua, ikasogezwa mpaka Desemba, katikati ya mvua. Mama alinishonea gauni jeupe kutokana na pazia la shangazi yake, lenye maua madogo yanayoonekana ukisimama juani. Gauni lilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda cha wazazi, na hakuna aliyeruhusiwa kulipitia karibu. Tulikariri katekisimu mpaka tukaota majibu.

Wakati huohuo mayai yakaanza kupotea. Mama alikuwa na kuku mmoja mwekundu aliyemthamini kuliko baadhi yetu. Kuku huyo alikuwa ameatamia mayai kumi na moja kwenye kikapu karibu na jiko. Asubuhi moja yakawa tisa. Siku mbili baadaye yakawa sita. Mama alizunguka uani akiuliza kila mtu, hata kuku mwenyewe. Wiki iliyotangulia komunyo kikapu kilibaki na manyoya na vipande vya maganda, na kuku mwekundu alitembea ovyo kama mtu aliyefiwa.

Tata hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliendesha malori makubwa kule shimoni, yale ambayo gurudumu moja ni refu kuliko mtu, na nadhani kelele za siku nzima zilimfanya apende ukimya jioni. Lakini alipoona mama amekaa kwenye kigoda na kikapu kitupu mapajani, alisema, "Ile nyama ya ku kichuguu. Jumamosi nitamaliza ile maneno."

Sikulala vizuri siku hizo. Kwa majuma kadhaa nilikuwa nimeona tumbo la kicheche limeshuka, kisha akapotea alfajiri tatu, na aliporudi alikuwa mwembamba, chuchu zake zimevimba. Nilikuwa nimeweka sikio kwenye tundu lake mchana jua likiwa kali, jambo ambalo mama angenichapa kwalo, na nilisikia sauti ndogo ndani, kama mlango unaohitaji mafuta. Nilijua kuna watoto.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kuungama kwa mara ya kwanza. Nilimwambia padri dhambi zangu zote, na zile ambazo sikuwa na uhakika nazo niliongeza ili kuwa salama. Nilitoka mwepesi kama pamba. Katekista alituonya: mpaka kesho misa itakapoisha msifanye dhambi yoyote, la sivyo mtapokea vibaya. Nikatembea polepole hadi nyumbani, nikiogopa hata kumkasirikia inzi.

Nilipofika uani nilimkuta tata nyuma ya nyumba. Alikuwa na sepetu, na kopo kubwa la makala ya moto ambalo juu yake alikuwa amemwaga pilipili kavu. Moshi wake ulikuwa unakata koo kutoka mbali. Alikuwa anausukuma kuelekea tundu kwa kipande cha bati.

Sijui maneno yalitoka wapi. "Tata, ni mi nilikulaka yale mayai."

Tata aligeuka. "Yote?"

"Yote."

"Ulipikia wapi?"

"Sikupika. Nilikula mabichi."

Nyumba nzima ilijua kwamba mimi na yai hatupatani. Hata la kuchemsha nilikuwa nalitapika.

"Kabulo, toka pale."

"Tata, iko na batoto mule."

"Toka pale, nimesema."

Sikutoka. Nilikwenda nikasimama mbele ya tundu, mgongo wangu ukiwa kwenye kichuguu, mikono nimeitandaza kama kipa. Tangu nizaliwe sikuwa nimekataa amri ya tata. Yeye mwenyewe nadhani hakujua afanye nini. Aliweka sepetu chini, akaanza kunijia ili aninyanyue.

Hapo ndipo kicheche, mama wa watu, alipotoka. Moshi ulikuwa umemfikia. Nilisikia mngurumo nyuma ya miguu yangu, nikageuka, nikainama nimwone. Nywele zake zote zilikuwa zimesimama hata akaonekana mara mbili ya ukubwa wake. Alinyanyua mkia juu. Nilimwambia kwa upole, kama mtu anayezungumza na jirani, "Ni mi." Akanigeuzia mgongo, akanimwagia yote aliyokuwa nayo.

Sasa mimi ni mwalimu wa biolojia, na ninaweza kuwaeleza wanafunzi wangu kwamba kicheche ana tezi mbili chini ya mkia, kwamba ni ndugu wa nyegere na fisi-maji, kwamba mistari ile ni tangazo la kumwambia adui akae mbali, na kwamba akizidiwa hujilaza akajifanya amekufa. Ninawaambia kuna wenzake huko Amerika wenye madoa badala ya mistari, ambao husimama kwa miguu ya mbele, miguu ya nyuma hewani, kabla ya kurusha, ili usiseme hukuonywa. Wanacheka na kuniomba niwaonyeshe. Lakini ile siku biolojia yote ilikuwa kwenye macho yangu, na ilichoma kama maji ya ndimu. Sikuona kitu. Nilipiga kelele ambayo Odette aliisikia mstari wa tatu.

Tata alininyanyua na uvundo wote ule, akanikimbiza kwenye pipa la maji ya mvua na kunitumbukiza kichwa. Mama alitoka jikoni. "Mawee! Mutoto wangu! Na kesho njo siku ya komunyo!" Walinisugua kwa sabuni ya kufulia, kwa majivu, kwa ndimu, kwa majani ya mpapai. Jirani mmoja alishauri petroli, mama akamfukuza. Kila walipomaliza, mama alininusa kichwani, akaangalia pembeni, akaanza upya. Jioni ngozi yangu ilikuwa nyekundu na harufu ilikuwa palepale, imetulia kama mgeni aliyeamua kukaa.

Wakati mama ananisugua, tata alikuwa amerudi kwenye kichuguu. Nilidhani amekwenda kumaliza. Aliporudi hakuwa na sepetu. Alikaa kwenye kigoda, akavua kofia yake.

"Alikuwa nao wawili," alimwambia mama. "Alibeba wa kwanza ku shingo, akaenda naye mu mihogo. Mi nilikuwa nimesimama pale, na chuma mu mukono. Alinionaka. Akarudi kuchukua wa pili."

Mama alimimina maji mengine kichwani kwangu.

"Macho yao bado haiyafunguka," tata alisema tena, kwa sauti ya chini, na nadhani alikuwa anajisemea mwenyewe. "Tutoto tudogo vile."

Jumapili asubuhi palikuwa na baraza kuhusu mimi. Mama alinivisha gauni, akanivua, akanivisha tena. "Atangoja mwaka ujao," alisema huku anafuta machozi. "Batu batasema nini? Mu kanisa ya Mungu?" Nilisimama katikati ya chumba na mikono yangu mbali na gauni, kama mtu aliyetoka kupakwa rangi. Nilikuwa na jambo zito zaidi moyoni kuliko harufu, yaani ule uongo wa mayai, niliousema saa mbili tu baada ya kuungama.

Tata alikuwa ametoka kazini, zamu ya usiku, asubuhi ileile. Alikuja kanisani Krismasi na kwenye mazishi, basi. Jumapili nyingine alilala mpaka mchana, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Alisikiliza maneno ya mama mpaka mwisho, akaingia chumbani, akatoka amevaa koti lake la ndoa, ambalo halikufunga tena tumboni.

"Ataenda," alisema. "Twende."

Tulitembea kilomita nzima, yeye na mimi mbele, mama na wengine nyuma kidogo, kwa sababu ya upepo. Nje ya sakristia nilimkuta padri anavaa, nikamwambia ninataka kuungama tena. Alirudi nyuma hatua mbili, akatoa leso.

"Uliungama jana, mtoto wangu."

"Nilisema uongo nyumbani, Padri. Nilisema nilikula mayai."

"Na hukula?"

"Sikula hata moja."

Alinitazama juu ya leso. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mpaka leo sijui kama ilikuwa kikohozi. "Basi Mungu amesikia. Amekusamehe. Sasa, tafadhali, simama kule karibu na mlango mpaka tuingie."

Ndani, watoto wa komunyo tuliwekewa mabenchi mawili ya mbele. Nilikaa kwenye nafasi yangu kando ya Odette. Kabla ya wimbo wa kwanza kuisha Odette alikuwa amesogea. Wa pili alisogea, wa tatu akahamia nyuma, na wasichana waliokuwa mbele yangu wakaegemea mbele kama mihindi katika upepo. Benchi langu likawa tupu kutoka upande mmoja mpaka mwingine, na katikati yake nikabaki mimi na pazia la shangazi. Sikulia. Nilikaza macho kwenye mshumaa mmoja na kuhesabu pumzi zangu.

Kisha nikasikia viatu. Mtu alikuwa anakuja kutoka nyuma, kwenye njia ya katikati, wakati watu wote wamekaa. Tata alipita mabenchi ya wanaume, akafika mbele ambapo hapakuwa na mtu mzima hata mmoja, akakaa karibu nami. Hakuacha nafasi. Bega lake liligusa shavu langu, na koti lile la ndoa, ambalo mama alilihifadhi kwenye sanduku na sabuni ya kunukia, likanyonya uvundo wangu mbele ya parokia nzima. Alifungua kitabu cha nyimbo. Alikuwa amekishika juu chini.

Wakati wa kupokea ulipofika alinisindikiza mpaka mbele, akasimama hatua moja nyuma yangu. Padri alivuta pumzi, akaizuia, akasema, "Mwili wa Kristo," kwa haraka kuliko kawaida. Nikasema amina. Tuliporudi kwenye benchi tata aliinama akaniambia sikioni maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu mpaka ninapoandika haya: "Mi njo nilikosea. We apana."

Harufu ilidumu siku tisa. Jina la utani nililopachikwa kwa sababu yake lilidumu mpaka nikamaliza shule ya msingi, na Odette ndiye aliyelianzisha, kisha ndiye aliyempiga makofi msichana mwingine aliyelitumia. Kicheche hakurudi kwenye kichuguu. Nani alikula mayai ya mama, sijui. Inawezekana kabisa ni yeye, maana sasa najua anapenda mayai. Tata hakuuliza tena. Lakini kuanzia mwaka ule, akitoka kazini alfajiri, alikuwa akizunguka nyuma ya nyumba kabla ya kuingia ndani. Alisimama kidogo upande wa mihogo, akanusa hewa. Alifanya hivyo mpaka alipostaafu, na tulimzika bila yeye kutuambia alikuwa anatafuta nini.

Wanangu wanadhani ninatia chumvi. Wamekua na marashi ya chupa na madirisha yaliyofungwa. Wanajua bei ya vifurushi vya intaneti na majina ya wachezaji wa Ulaya mpaka wale wa akiba, lakini ukiwauliza funza wa mbawakawa anaishi wapi wanakutazama kama umewauliza njia ya mwezini. Mmoja aliniambia, "Mama, iko mu téléphone, tutaangalia." Wakaangalia. Wakaona picha, wakasema ni mzuri, wakaendelea na mambo yao. Picha hainuki.

Kiangazi kilichopita nilirudi Musonoi kumwona Odette, ambaye magoti yamemshinda. Mwanawe, Trésor, anachimba madini na vijana wenzake waliokuja kutoka kila pembe ya Kongo. Nilikuwa nimejiandaa kumhubiria kuhusu kuacha kazi ile ya hatari. Badala yake, huku tunakunywa munkoyo wa mama yake, kile kinywaji cha mahindi, nilijikuta ninamsimulia habari za kicheche. Alisikiliza, kisha akacheka.

"Mama mukubwa, ile nyama miye naijua. Tuliikutaka na batoto, tulikuwa tunachimba. Batatu."

Niliweka kikombe chini. "Muliwaua?"

"Apana! Nani atagusa ile kitu?" Alizungusha kikombe mkononi. "Chef wa kazi alisema tupige moto. Shiye bote tulikatala. Tulienda kuchimba fasi ingine, siku tatu, mpaka akabahamisha. Mama mutu iko mama mutu."

Nilimtazama kijana huyu, vumbi kwenye nyusi, kucha zimekatika, nami nikaona haya kwa mahubiri niliyokuwa nimeyaandaa. Nikamwomba anionyeshe mahali pale. Alinipakia nyuma ya pikipiki, tukapita mitaa ambayo sikuitambua, nyumba zenye nyufa na nyingine zisizo na paa, mpaka tukafika mahali ambapo barabara inakatika kwa waya. Mbele yetu palikuwa na shimo la mgodi, pana kiasi kwamba malori chini yalionekana kama mende.

"Ilikuwa wapi?" nilimuuliza.

Trésor alinyoosha mkono. Hakuuelekeza chini. Aliunyoosha mbele yake, usawa wa kifua, juu ya shimo, mahali palipokuwa na ardhi, sasa penye hewa tupu.

"Pale," alisema.